Mgonjwa asiyeelezwa hajapimwa

Kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, ambacho hospitalini huitwa kolonoskopi, hakifanani na vipimo vingi ambavyo wagonjwa wetu wamevizoea. Kwenye eksirei mtu husimama alipoambiwa asimame, na kwenye kipimo cha damu hunyoosha mkono, basi. Kolonoskopi huanza siku kadhaa kabla, jikoni na chooni kwa mgonjwa mwenyewe, na daktari bingwa hata awe hodari kiasi gani hawezi kuona kilichofunikwa na kinyesi. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba maelezo anayopewa mgonjwa kabla na baada ya kipimo hiki ni sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na kamera na dawa. Hospitali inayompa mgonjwa paketi ya dawa ya kusafisha tumbo na tarehe ya kurudi, bila kumweleza kwa lugha anayoielewa afanye nini na kwa sababu gani, imelipwa kwa kazi ambayo haijaimaliza. Na mgonjwa ana haki ya kuyadai maelezo hayo bila kuonekana msumbufu.

Tuanze na kinachofanyika. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu. Daktari huingiza kwenye njia ya haja kubwa mpira mwembamba unaopindika, wenye unene wa kidole hivi, ambao nchani una taa na kamera, na huusogeza taratibu hadi mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, karibu na kilipo kidole tumbo. Hewa kidogo hupulizwa ili kuta za utumbo zifunguke. Uchunguzi wenyewe hasa hufanyika wakati wa kuurudisha mpira nje, pole pole, daktari akitazama kila kona na kila mkunjo kwenye skrini. Ndani ya mpira huo mna tundu la kupitishia vifaa, na hapo ndipo thamani ya pekee ya kolonoskopi ilipo. Mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walipitisha kitanzi cha waya kwenye tundu hilo wakakata kinyama kilichoota ukutani mwa utumbo bila kumpasua mgonjwa tumbo. Hadi wakati huo, kuondoa kinyama kilichoota mbali ndani ya utumbo kulimaanisha upasuaji mkubwa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye vinyama vya namna hiyo, na safari ya kinyama kidogo hadi kuwa saratani kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kuuona ugonjwa, na pia kinaweza kuukata njiani kabla haujawa ugonjwa.

Hayo yote, hata hivyo, yanategemea utumbo safi. Katika nchi tajiri, ambako wagonjwa hupewa vijitabu na kupigiwa simu, bado tafiti zimekuta kwamba hadi mtu mmoja kati ya wanne hufika hospitali tumbo likiwa halijasafishika vya kutosha. Daktari anayepima tumbo la hivyo ni kama mvuvi anayetafuta lulu kwenye maji yaliyotibuliwa. Vinyama vidogo na vilivyolala bapa, ambavyo hasa ndivyo vinavyotafutwa, humponyoka. Akiwa mwangalifu atamwambia mgonjwa arudi siku nyingine, alipe tena, anywe dawa tena. Asipokuwa mwangalifu ataandika kwamba hakuona kitu, na mgonjwa ataondoka akiamini yu salama. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa mtu aliyeambiwa yu mzima huacha kujisikiliza.

Siri kubwa ya usafi huo ni saa ya kunywa dawa. Wagonjwa wengi huambiwa wanywe dawa yote jioni, wakaharisha usiku, wakaja asubuhi. Ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba ni bora dawa igawanywe, nusu inywewe jioni na nusu nyingine kati ya saa nne na sita kabla ya kipimo. Sababu yake ni rahisi kueleza, na nashangaa ni mara chache mno huelezwa. Utumbo mwembamba haulali. Usiku kucha unaendelea kumwaga majimaji yenye nyongo ndani ya utumbo mpana, na majimaji hayo huacha utando hasa upande wa kulia, upande ambao saratani zake hujificha zaidi na hugunduliwa kwa kuchelewa. Dozi ya pili ndiyo inayousafisha upande huo. Mgonjwa asiyejua hili huamka alfajiri, huona anachotoa ni maji matupu, husema tumbo limekwisha, na huiacha ile nusu ya pili mezani. Aliyeelezwa hunywa, hata kama ladha yake inamchefua, mpaka choo kiwe cha majimaji ya manjano yanayopenyeka mwanga, kama mkojo. Mwenye miadi ya saa tatu asubuhi atalazimika kuamka kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, kisha aache kunywa chochote saa mbili kabla ya kipimo. Ni taabu, lakini ni taabu inayovumilika mtu akijua inamnunulia nini.

Hapa pia ndipo ninapotaka hospitali zetu zifikirie mgonjwa anaishi wapi. Maelekezo yanayoonekana mepesi kwenye karatasi hugeuka magumu kwa mpangaji wa nyumba yenye vyumba vinane na choo kimoja, ambako kwenda chooni mara kumi na tano kwa usiku mmoja ni jambo la kuwaomba radhi majirani. Mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Ifakara kwenda Dar es Salaam hawezi kunywa dozi ya pili alfajiri kisha akapanda basi. Mtu huyo anahitaji kuambiwa mapema afike mjini siku moja kabla, atafute ndugu wa kumpokea, au apewe miadi ya mchana badala ya asubuhi, na wanaoishi karibu ndio wapewe saa za mapema. Muumini anayefunga Ramadhani anahitaji kujua kwamba dawa na maji mengi ya mchana haviendi pamoja na saumu, ili kama kipimo chake si cha haraka kipangwe baada ya Idi, na kama ni cha haraka ajue kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye. Mambo haya hayagharimu hospitali hata shilingi. Yanahitaji mtu wa kuuliza swali moja au mawili wakati wa kupanga tarehe.

Chakula nacho kizungumzwe kama kinavyoliwa kwetu. Karatasi nyingi za maelekezo zimenakiliwa kutoka ng'ambo na hutaja vyakula ambavyo mgonjwa wa Tandahimba au Busia hajawahi kuviona mezani kwake. Kinachotakiwa ni kwamba kwa siku mbili au tatu kabla ya kipimo mtu apunguze vyakula vyenye makapi na mbegu. Kwa hiyo aambiwe wazi aache dona, maharage, kunde, kisamvu, mchicha, mahindi ya kuchoma, njugu, mapera, mapasheni na nyanya zenye mbegu. Aambiwe anaweza kula wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, samaki na kuku asiye na ngozi. Siku moja kabla, hospitali nyingi huruhusu vinywaji vinavyopenyeka mwanga tu, yaani maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa ikabaki mchuzi mtupu. Maziwa hayamo, uji haumo. Vinywaji vyekundu na vya zambarau, kama juisi ya rozela, viepukwe, kwa sababu rangi yake ndani ya utumbo inaweza kudhaniwa damu. Mtu akishaelezwa hivi, mama wa nyumba anajua apike nini, na familia nzima inakuwa upande wa mgonjwa badala ya kumbembeleza ale kidogo asije akaishiwa nguvu.

Dawa anazotumia mgonjwa hazina budi kutajwa zote, pamoja na za asili. Vidonge vya madini ya chuma huufanya uchafu wa utumbo kuwa mweusi na wenye kunata, na kwa kawaida huachwa kama wiki moja kabla. Mwenye kisukari asiyekula huku akiendelea na sindano ya insulini kama kawaida anaweza kushukwa na sukari hadi akazimia, hivyo dozi yake lazima irekebishwe na daktari, na vidonge vingine vya kisukari husimamishwa kabisa kwa siku kadhaa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake, wala asiendelee nazo kimyakimya. Zote mbili zina hatari. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo aseme hivyo kabla hajapewa dawa ya kusafishia tumbo, kwa kuwa zile zenye fosfeti zinaweza kumdhuru figo. Na mwanamke aliyewahi kupasuliwa tumbo, pamoja na upasuaji wa uzazi, ataje, maana makovu ya ndani hufanya utumbo usipindike kwa wepesi na humpa daktari sababu ya kwenda kwa uangalifu zaidi.

Aibu na hofu ya maumivu huzuia watu wengi, na zote mbili hupungua kwa maelezo. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, amevaa gauni la hospitali lenye uwazi nyuma, na sehemu iliyo wazi hufunikwa shuka. Anaweza kuomba awepo muuguzi wa jinsia yake. Katika hospitali nyingi huchomwa dawa ya kumtuliza na ya kupunguza maumivu, na wengi hawakumbuki sana kilichotokea. Kuna mahali kipimo hufanywa bila dawa hiyo, kwa sababu ya gharama au uhaba wa watu wa kumwangalia mgonjwa aliyelala. Kipimo cha namna hiyo kinawezekana na hufanyika duniani kote, ila mgonjwa aambiwe kabla, aambiwe atahisi tumbo kujaa gesi na kubana kwa vipindi, na aambiwe kwamba akisema simama, daktari atasimama. Aliyepewa dawa ya usingizi anatakiwa aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Hadi kesho yake asiendeshe gari wala bodaboda, na asitie sahihi hati ya mkopo au ya kiwanja, kwa kuwa anaweza kujiona yu timamu kumbe dawa bado imo.

Nimewahi kusikia hoja kutoka kwa watu wa afya wenye nia njema kwamba kumweleza mgonjwa hatari za kipimo ni kumtisha, na kwamba aliyetishwa hukimbilia kwa mganga. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini tutazame hatari zenyewe. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilipitia ushahidi mwaka 2021 na kukuta kwamba katika kila watu 10,000 wasio na dalili waliofanyiwa kolonoskopi, takriban watatu walitobolewa utumbo na takriban 15 walitokwa na damu nyingi. Anayekatwa kinyama kikubwa, au mwenye utumbo uliovimba kwa ugonjwa, hatari yake ni kubwa kuliko hiyo. Hizi si namba za kumkimbiza mtu mzima mwenye akili. Ni namba za kumfanya ajue dalili za kurudi nazo hospitali mara moja, yaani maumivu makali yasiyoisha, tumbo kuvimba na kuwa gumu, homa, au damu nyingi kwenye choo, jambo ambalo linaweza kutokea hata wiki mbili baada ya kukatwa kinyama. Utumbo uliotoboka ukigunduliwa ndani ya saa chache hutibika. Mgonjwa aliyefichwa hatari hiyo hukaa nyumbani siku mbili akinywa dawa za maumivu, na hapo ndipo kuficha kunapoua. Na habari zikifika mtaani kwamba fulani alikufa baada ya kuingizwa mpira, zitawatisha watu wengi kuliko maelezo yoyote ya daktari.

Hoja nyingine ni ya kale zaidi na inasema kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu, kwa hiyo kuna haja gani ya kuwasumbua watu wetu na kipimo chake. Imani hii haikuzuka mitaani tu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba saratani hiyo ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, na mwaka 1971 alichapisha hoja yake maarufu kwamba vyakula vyenye makapi mengi ndivyo vilivyowakinga. Alikuwa anaeleza alichokiona kwa wakati wake. Tangu hapo miji imekua, ngano iliyokobolewa, mafuta, soda na nyama vimeongezeka, watu wanatembea kidogo na wanaishi miaka mingi zaidi. Utafiti uliopitia mafaili ya wagonjwa wa Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha idadi ya wagonjwa wa saratani hii ikipanda sana ndani ya muongo mmoja. Duniani, makadirio ya 2022 yanaihesabu kuwa saratani ya tatu kwa wingi wa wagonjwa wapya, karibu milioni 1.9, na ya pili kwa kuua. Chadwick Boseman, mwigizaji ambaye vijana wetu walimshangilia katika filamu ya Black Panther, alifariki kwa ugonjwa huo Agosti 2020 akiwa na miaka 43.

Kinachotuumiza zaidi ni njia ambayo mgonjwa wetu hupitia kabla hajafika kwenye kamera. Mtu huona damu kwenye choo. Duka la dawa humpa dawa ya amiba. Damu ikirudi, jirani humwambia ni bawasiri, naye hununua mafuta ya kupaka au dawa ya mitishamba inayotangazwa kwa kipaza sauti stendi. Inawezekana kweli ni bawasiri, kwa kuwa bawasiri ni nyingi. Inawezekana ni amiba. Kwa anayeishi kandokando ya Ziwa Viktoria inawezekana ni kichocho cha tumbo, ambacho nacho huleta damu na hata vinyama ndani ya utumbo. Lakini bawasiri na saratani zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna awezaye kuzitenganisha kwa kusikiliza maelezo tu. Damu inayorudi baada ya matibabu, choo kilichobadilika mwenendo kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, au upungufu wa damu kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ni sababu za kumwuliza daktari swali la moja kwa moja: je, kuna haja ya kuangalia ndani? Daktari ataanza kwa kidole chenye glavu, jambo linalochukua dakika moja na ambalo hugundua saratani nyingi za puru, kisha ataamua. Ujana usiwe sababu ya kumrudisha mtu nyumbani, kwa kuwa katika hospitali za Afrika Mashariki wagonjwa wa saratani hii walio chini ya miaka 50 si wachache hata kidogo.

Msomaji aliyefuatilia habari za tiba anaweza kuniuliza kuhusu utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 84,000 wa Poland, Norwei na Uswidi. Walioalikwa kupimwa kolonoskopi walipungukiwa na saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 tu katika miaka kumi, na tofauti ya vifo ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuthibitika. Magazeti mengine yaliandika kwamba kipimo hakina maana. Ukisoma kwa makini utaona kwamba kati ya walioalikwa, asilimia 42 tu ndio waliokwenda kupimwa, na walioukataa mwaliko walihesabiwa pamoja na waliokubali. Watafiti walipokadiria hali ingekuwaje kama wote wangepimwa, upungufu wa saratani ulifika asilimia 31. Lakini nakubali somo la utafiti huo kwa sehemu moja, kwamba kuwaita watu wote wazima wasio na dalili ni sera ya gharama kubwa yenye faida inayoonekana pole pole, na nchi zetu haziko tayari kuianza. Utafiti huo haumhusu mgonjwa mwenye damu kwenye choo. Huyo hapimwi kwa kinga. Ana dalili, na swali lake linahitaji jibu. Wagonjwa wengi wanaofika kwenye vyumba vya kolonoskopi vya Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Nairobi na Kampala ni wa aina hiyo.

Wapo pia watakaosema kwamba maelezo hayasaidii kitu ikiwa mashine hazipo. Ni kweli vifaa ni vichache mno. Tathmini ya uwezo wa vipimo vya kamera katika Ethiopia, Kenya, Malawi na Zambia iliukuta kuwa kati ya asilimia 1 na 10 ya ule wa nchi tajiri kwa kulinganisha na idadi ya watu. Serikali zinapaswa kununua, kufundisha na kutengeneza, na bima za afya zinapaswa kulipia kipimo hiki bila kumzungusha mwenye dalili. Lakini uchache wa mashine ndio unaofanya maelezo yawe na thamani zaidi. Kila kipimo kinachoharibika kwa sababu mgonjwa alikula maharage jana yake kimechukua nafasi ya mgonjwa mwingine aliyesubiri miezi, na kimemla mtu nauli, siku za kazi na fedha ambazo pengine ndugu walichangishana. Kwa asiye na dalili anayetaka kujiangalia, kipo kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, ambacho ni cha bei ndogo na hakihitaji maandalizi ya kusafisha tumbo. Ila naye aelezwe tangu mwanzo kwamba kikionyesha damu, hatua inayofuata ni kolonoskopi, na kurudia kipimo cha kinyesi kwa matumaini kwamba mara hii hakitaona kitu ni kupoteza muda.

Kuhusu daktari asiye na muda, nakubali kwamba kliniki imejaa na foleni imefika nje. Kazi hii si lazima ifanywe na daktari. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kukaa na wagonjwa kumi kwa pamoja na kuwaonyesha dawa inavyochanganywa. Ujumbe wa simu unaweza kumkumbusha mgonjwa siku tatu kabla aache maharage, na tena jioni ya dozi ya kwanza. Majaribio katika nchi mbalimbali yameonyesha kwamba wagonjwa waliopigiwa simu, kutumiwa ujumbe au kuonyeshwa video hufika na tumbo safi zaidi kuliko waliopewa karatasi peke yake. Simu ipo katika nyumba nyingi. Kinachokosekana ni hospitali kuyahesabu maelezo kama kazi yenye mtu wa kuwajibika nayo.

Baada ya kipimo, mgonjwa asiondoke na neno moja la kuambiwa hakuna shida. Aulize mwenyewe, au ikiwa bado ana usingizi, aulize ndugu aliyemsindikiza, na majibu yaandikwe. Je, daktari alifika mwisho wa utumbo mpana? Katika kituo kizuri hilo hutokea kwa wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi, na kama halikutokea mgonjwa ajue sehemu gani haikuonekana. Utumbo ulikuwa safi kiasi gani? Kuna kipimo cha alama kutoka 0 hadi 9 kinachotumika sana, na tumbo la alama chache halimpi mtu uhakika. Je, kuna kinyama kilichokatwa, na kimepelekwa maabara? Daktari asikasirishwe na maswali haya. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wagonjwa wa madaktari wanaogundua vinyama kwa wingi hupata saratani baadaye kwa uchache kuliko wagonjwa wa madaktari wanaogundua vichache, na tangu 2006 inajulikana kwamba wanaotumia angalau dakika sita kuurudisha mpira huona zaidi ya wanaoharakisha. Kipimo hiki kinategemea uangalifu, na uangalifu huongezeka pale mtu anapojua ataulizwa.

Majibu ya kinyama hutoka baada ya siku au wiki kadhaa, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Tumbo limetulia, nauli imekwisha, na hakuna aliyewaambia kwamba daktari kwa macho peke yake hawezi kusema kinyama kile ni cha aina gani. Kabla ya kutoka getini mgonjwa awe na tarehe ya kufuata majibu, jina la chumba cha kuyafuata, na namba ya simu ya kituo. Majibu yakiwa mazuri kabisa na tumbo lilikuwa safi, asiye na dalili wala historia ya ugonjwa katika familia anaweza kukaa miaka kumi kabla ya kipimo kingine. Vikikutwa vinyama vya aina inayoweza kugeuka, atarudi mapema, kwa muda utakaotegemea ukubwa na idadi yake. Ikikutwa saratani, wazazi wake, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waambiwe, maana wao hushauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yao aligunduliwa, kutegemea lipi linatangulia. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 42 ana mdogo wake ambaye saa ya kupimwa ni miaka 32, na mtu wa kumpa habari hiyo ni mgonjwa, endapo naye ameelezwa.